Sabuni ya Maganda ya Ndizi na Karatasi Iliyonidanganya

Vijana wangu, shikamoo zenu nimezipokea zote, hata za wale wanaoniamkia huku wakitafuna muwa. Marahaba. Mmeniuliza mara nyingi mtu anawezaje kupika sabuni maisha yake yote asichoke. Nitawajibu, lakini kwa namna yangu, na katikati nitawapa michezo ya kemia ya kufanya nyumbani, ili msiseme mzee alikula muda wetu bure.

Kwanza mjue mnasoma maneno ya nani. Sabuni niliyopika mimi, ukiipanga kipande kwa kipande, inatoka hapa Bukiriro, inafika Biharamulo mjini, inazunguka soko, na inarudi nyumbani kabla jua halijazama. Shule yangu ilikuwa kisomo cha jioni, baada ya jembe. Wengine walihitimu wakiwa na joho. Mimi nilihitimu nikiwa na tope magotini.

Tuanze na mchezo wenyewe, leo leo. Chukua kijiko kimoja cha binzari ya unga, ile ya manjano inayotia mchuzi rangi. Koroga na maji kidogo, paka kwenye karatasi nyeupe, anika ikauke. Kisha yeyusha magadi kidogo ndani ya kikombe cha maji, chovya kijiti, andika jina lako juu ya karatasi hiyo. Herufi zitatoka nyekundu kama umeandika kwa damu ya kuku. Sasa kamua ndimu juu yake. Wekundu unaondoka, umanjano unarudi. Ukiwa na ndugu mkorofi, andika jina lake, kisha mfute kwa ndimu huku anatazama. Hakuna atakayeumia, isipokuwa wewe, mama akikuta binzari yake imekwisha.

Magadi ni alkali, ndimu ni asidi, na binzari ni shahidi anayesema nani amepita hapo. Nawaomba mlikumbuke neno hilo, shahidi, maana karatasi kama hiyo iliwahi kunifanya nimwage sabuni nzuri shimoni wakati kijiji kizima kilikuwa hakina hata povu.

Aliyenifundisha mchezo huo ni mwalimu wetu wa kisomo, Mwalimu Rashidi, mtu wa Nyamahanga kule Biharamulo. Alikuja kwetu na sanduku moja la nguo na kopo moja la binzari, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba sisi Wahangaza tunaweza kula maharage na ndizi mwaka mzima bila kubadilisha rangi ya sahani. Hakudanganywa. Basi kopo lile likawa maabara yetu. Alitufundisha asidi kwa ndimu na alkali kwa majivu, na siku moja akatuambia kwamba mafuta na alkali vikipikwa pamoja vinazaa sabuni. Akafuta ubao, tukaenda nyumbani.

Sasa niwaeleze nilipokuwa nakaa, kwa sababu bila hilo hadithi haiendi. Tulipohamishiwa kijijini wakati wa ujamaa, maafisa walivuta kamba, wakapigilia vigingi, nyumba zikasimama mstari kama askari kwenye gwaride. Kamba ile haikuuliza nani ni mkwe wa nani. Nikajikuta mlango wangu unatazamana na mlango wa mama mkwe wangu. Kwetu hilo ni balaa. Mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali: hamli pamoja, hamtazamani usoni, na mkikutana njiani mmoja anapinda akaangalie migomba. Mama yule alipoona vigingi vile hakulalamika kwa mtu. Alikata matete akajenga ua mbele ya nyumba yake, mrefu kiasi kwamba twiga angelazimika kubisha hodi. Tangu hapo nilimjua kwa sauti tu. Na sauti yenyewe haikuwa inaniambia mimi. Ilimwambia Skola, mke wangu, hata kama Skola yuko kisimani na mimi nimesimama pale pale nasikia.

Kisha vita ikaja. Mapigano yalikuwa mbali nasi, huko kaskazini, lakini vita ina mikono mirefu. Malori yakaenda, vijana wakaenda, na kwenye duka la kijiji rafu zikabaki na viberiti na mwenye duka. Sabuni ndiyo iliyotoweka kwanza. Watu walifua kwa majani ya mpapai, wakaogea mchanga wa mtoni. Shati langu jeupe lilipata rangi ambayo hadi leo haina jina.

Hayo yote tuliyacheka. Tuliacha kucheka siku nesi wa zahanati yetu, Nesi Perpetua, aliposimama kwenye mkutano wa kijiji na kuinua kipande cha sabuni juu ya kichwa chake. Ndicho kilichobaki. Nesi huyo ndiye aliyekuwa akizalisha wanawake wote wa pande zetu.

"Hiki kikiisha, chumba cha wazazi nakifunga," alisema. "Simgusi mzazi kwa mikono isiyo na sabuni. Nimeshaona yanayotokea."

Mtu akauliza wajawazito waende wapi. Akasema hospitali ya mjini. Kwa gari gani? Kwa miguu.

Mimi nilitazama chini. Mwaka uliotangulia, kabla zahanati yetu haijapata nesi, tulikuwa tumeishika njia hiyo na Skola, akiwa na uchungu, mimi na shemeji zangu tumembeba kwenye machela. Hospitali tulifika. Mtoto hakufika. Sisemi zaidi ya hapo. Na siku ya mkutano ule Skola alikuwa ameketi kwenye mkeka wa wanawake, mja mzito tena, tumbo limeshafika mahali pasipofichika.

Mwenyekiti akauliza kama yupo mtu anayejua kutengeneza sabuni. Jambo hilo nilikuwa nimelijua kwa siku chache tu, na tayari nilijiona profesa. Nikanyoosha mkono, tena juu sana.

Njiani kurudi nyumbani Skola akaniuliza, "Bukuru, umewahi kuipika hiyo sabuni?"

"Bado."

"Sasa?"

"Sasa nitaipika."

Alitembea kidogo, akasema, "Njia ile mimi siirudii. Kwa hiyo ipike kweli."

Vijana, watu huwa wananiuliza nani alinipa ari ya kazi. Ndiyo hiyo.

Kijiji kilinipa pipa lililokatwa, kuni, na mafuta ya ng'ombe kutoka machinjioni. Nikakusanya majivu ya kila jiko, na kila jiko likanipa na mchanga wake, mkaa wake na mifupa ya panya wake. Nikayaloweka, nikachuja, nikapika na mafuta kuanzia umande hadi kuku wanaingia bandani. Moshi ule nadhani Bujumbura walidhani ni mawingu ya masika. Nilipata mchuzi. Mafuta juu, maji machafu chini, kila mmoja na lake. Mbwa wa kijiji walikuja, wakanusa, wakaondoka kwa adabu.

Nikiwa nimeshika tama mbele ya pipa, sauti ikatoka nyuma ya matete. "Skola, mwambie huyo mtu kwamba majivu ya mkaratusi ni ya kufukuzia siafu. Anayetaka majivu ya kazi anachoma maganda ya ndizi na mashina ya maharage, mpaka yawe meupe kama unga."

Skola alikuwa ameenda kuteka maji. Nikasema, kwa sauti ya kuambia hewa, "Skola, mwambie mama nimesikia. Na muulize anachujaje."

Ndivyo nilivyofundishwa kemia. Mwalimu wangu mkuu sikuwahi kuona uso wake darasani. Alikuwa amejifunza kwa mama yake, aliyekuwa akitumia maji ya majivu kulainishia maharage magumu na kufulia mikeka. Aliniambia nitoboe debe chini, nitandike nyasi kavu, nijaze majivu, nimwagie maji ya mvua kidogo kidogo, niache yadondoke yenyewe. Nisikamue wala kuharakisha. Maji yanayotoka yawe na rangi ya chai ya rangi na utelezi kwenye kijiti. Kisha nitumbukize yai. Likizama, maji ni dhaifu, yarudishe kwenye majivu mapya. Likielea na kuonyesha utosi, maji yako tayari.

Hapo simameni kidogo. Maji makali ya majivu yanaunguza ngozi na kupofua macho, msiyachezee nyumbani. Mchezo wa yai ninyi ufanyeni kwa chumvi. Weka yai bichi kwenye glasi ya maji, litazama. Koroga chumvi kijiko baada ya kijiko, na litapanda taratibu kama mzee anayeinuka kwenye kigoda. Maji yaliyobeba kitu ndani yake ni mazito, yanaweza kubeba na yai. Maji ya majivu nayo yamebeba chumvi zake, ila zake ni kali.

Basi nikachoma maganda. Kila nyumba iliyomenya ndizi iliniletea, na kijiji chetu, nawaapia, kilimenya ndizi siku zile kama kinachojiandaa kulisha jeshi zima. Nikachuja, yai likaelea, nikapika. Safari hii pipa lilibadilika mbele ya macho yangu. Mafuta yalikubali. Uji ukawa mzito, wa kahawia, ukivuta kama ugali wa muhogo. Nilipoosha mwiko, povu lilitoka. Povu, wajukuu! Nilitaka kulia, ila mikono ilikuwa na sabuni.

Sasa ndipo ujanja wangu wa kisomo ukaniponza. Sabuni yenye alkali iliyozidi inachubua ngozi, hilo Mwalimu Rashidi alilisema. Mimi nikajiongezea: basi karatasi ya binzari itaniambia. Ikibaki ya manjano, sabuni ni salama. Ikiwa nyekundu, ni hatari. Nikagusisha karatasi. Nyekundu.

Nikaongeza mafuta, nikapika tena. Nyekundu. Nikaongeza mengine, nikapika mpaka kuni zikaisha. Nyekundu. Siwezi kumpelekea nesi kitu cha kuchubua wazazi, nikajiambia, nikachimba shimo nikamwaga. Nikaanza upya: maganda, majivu, debe, yai, moto. Nyekundu tena. Nikamwaga tena. Wanawake walionichangia maganda walikuwa wakipita karibu na shimo lile, wananitazama, na kutazamwa huko kulikuwa kuzito kuliko matusi.

Nyuma ya matete sauti ilisema, "Skola, mwambie huyo mtu mafuta ya ng'ombe hayaoti shambani."

Nikajibu hewa kwamba sabuni ilikuwa haijaiva, karatasi imesema.

"Karatasi," sauti ikarudia, taratibu, kama mtu anayeonja dawa.

Mwenyekiti alikuja kuniuliza kama nakubali kwamba nimeshindwa, niseme mapema. Nikamwambia siku nitakayoshindwa ataniona nimelala ndani ya shimo lile, ajaze udongo. Alicheka, mimi sikucheka. Tumbo la Skola lilikuwa limeshuka. Kipande cha Nesi Perpetua, wanawake walisema, kilikuwa kimebaki chembamba kama ukucha.

Asubuhi moja Nesi alipita nyumbani kumpima Skola. Alikuwa akitembea na kile kipande mfukoni, kimefungwa kwenye kitambaa, hakiachi hata kanisani. Akanawa mikono mlangoni kwa sabuni ile ya dukani, kwa kubana kama mtu anayenawa kwa dhahabu, kisha akatafuta pa kuegemea ili avue viatu. Akaegemea meza ambapo nilikuwa nimeanika karatasi zangu za manjano.

Alipoinua mkono, kulikuwa na kiganja chekundu juu ya karatasi. Vidole vyote vitano.

Aliangalia mkono wake akidhani amejikata. Mimi niliangalia karatasi. Nikamwomba ile sabuni. Alisita, akanipa. Nikaigusisha kwenye karatasi nyingine, mpya, kavu. Nyekundu. Sabuni ya kiwandani, iliyokuwa ikiogesha watoto wachanga, ilikuwa nyekundu kama yangu.

Nikakaa chini. Vijana, sabuni yoyote ile ya kupika, hata iliyo njema, ni alkali kidogo, na binzari inaiona. Shahidi wangu hakuwa amesema uongo hata siku moja. Alikuwa akisema, "Alkali imepita hapa." Hakuwahi kusema ni kiasi gani, wala hakusema ni hatari. Hatari niliiongeza mimi. Ninyi mnapofanya jaribio lolote, liwe la binzari au la kompyuta, jiulizeni kwanza limeulizwa swali gani. Halitajibu jingine.

Skola alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kiuno. "Kwa hiyo ile ya shimoni ilikuwa nzuri?"

"Pengine ya kwanza. Sijui. Siku hizi sijui kitu."

"Muulize mama," akasema. "Mimi leo sina nguvu za kupeleka maneno."

Nikatoka hadi kwenye ua wa matete. Kwa mara ya kwanza sikuambia hewa. Nikasema, "Mama. Nitajuaje kwamba imeiva?"

Akajibu, na hakumtaja Skola. "Kwa ulimi. Ikichoma kama upupu, rudisha motoni. Ikiwa mbaya tu mdomoni kama sabuni, ni sabuni. Ulimi wako hauujui. Ukiipika, lete hapa."

Ninyi msionje. Nasema kwa herufi kubwa: msionje. Yeye alikuwa amejifunza tangu utoto, kwa ncha ya ulimi, na maji ya kusukutua pembeni. Leo tuna vifaa, na baadaye mimi mwenyewe nilivitumia.

Kupata maganda ya mara ya tatu nilizunguka nyumba kwa nyumba. Sikuwa na hotuba. Niliwaambia nilikosea wapi, nikasimama na kikapu. Nyumba ya kwanza walinitazama. Nyumba ya pili mama mmoja, naye mja mzito, alimenya ndizi zake zote papo hapo, mbichi, kabla hazijafikia siku ya kupikwa, akanijazia. Baada ya hapo sikuhitaji kueleza.

Nilipika bila kuondoka. Uji ulipovuta, nikaweka kidogo kwenye jani la mgomba, nikalipitisha juu ya matete. Mkono ukalipokea. Nikasikia akisukutua. "Inachoma," akasema. Nikarudisha motoni, nikaongeza mafuta kidogo, nikakoroga mpaka mabega yakawa ya mtu mwingine. Nikapitisha jani jingine. "Inachoma kidogo." Kuni. Mwiko. Jani la tatu. Akasukutua, akatema.

"Mbaya," akasema. "Mbaya vizuri. Mpelekee nesi."

Nesi Perpetua hakuniamini kwa kunitazama. Alijipaka mkononi, akafunga kitambaa, akasubiri siku kadhaa. Kisha akanawia mikono, akafulia shuka, akainusa. Ilinuka ng'ombe aliyeoga. Akasema nilete yote.

Chumba hakikufungwa.

Skola alishikwa na uchungu alfajiri, tukaenda zahanati kwa miguu, mwendo wa kupita shule na kushuka bonde dogo, basi. Nilikaa nje juu ya jiwe. Kabla jua halijawa kali nikasikia sauti ya mtoto, sauti kali, ya mtu aliyekuja na malalamiko yake tayari.

Mama mkwe alikuwa ndani, ndiye aliyemwogesha. Mimi nilijua kwamba atakapotoka nitapaswa kugeuka nitazame migomba, na nikawa nimeshaanza kugeuka. Lakini alitoka moja kwa moja kuja kwenye lile jiwe, akasimama mbele yangu. Nikaona uso wake karibu kwa mara ya kwanza tangu siku ya posa. Alikuwa mfupi. Sauti ile yote ilikuwa imetoka kwa mtu mfupi namna ile.

Akaninyooshea mikono yake miwili, bado imelowa, ina povu kwenye kucha.

"Nusa," akasema.

Nikanusa. Ng'ombe, majivu, na kitu kingine kipya kabisa.

"Wa kike," akasema. "Hana hata upele." Akageuka akarudi ndani, na kesho yake heshima yetu ya umbali ikaendelea kama kawaida, ila kwenye ua wa matete alikata dirisha dogo, la kutosha jani la mgomba kupita.

Baada ya vita magadi makali ya kiwandani yalifika madukani, tukajifunza kupima kwa mizani, tukagandisha sabuni kwa chumvi ikawa miche. Miaka wakimbizi walipojaa kambi ya Benaco, hapa kwetu, nilipika mpaka nikaota povu. Njia zilibadilika zote. Jani la mgomba sikuliacha mpaka yule mama alipofariki, hata nilipokuwa na mizani mezani.

Nawaachia mchezo mmoja wa mwisho. Mimina maji kwenye sahani. Nyunyiza pilipili manga iliyosagwa, ienee juu. Gusa katikati kwa kidole kikavu: hakuna kitu. Sasa paka kidole sabuni kidogo, gusa tena. Pilipili yote itakimbilia ukingoni, na katikati patabaki maji matupu, safi.

Yule mtoto wa zahanati alipokuwa mdogo aliurudia mchezo huo siku nzima, mpaka pilipili ikaisha. Leo yeye ndiye nesi. Kila anapokuja kunisalimia, hunawa kwanza mlangoni, kisha huninyooshea mikono, na mimi nainusa.

Haya. Inukeni, mkatafute binzari.